Haiskuli ya serikali viungani mwa Columbus, Ohio: mwongozo kamili kwa mzazi anayezungumza Kiswahili

Agosti moja, siku nne kabla shule hazijafunguliwa, mtoto wa dada yangu alinipigia simu akiwa ofisini kwa kaunsela, mshauri wa masomo wa shule. "Mama mdogo, wanasema sitamaliza mwaka huu."

Alikuwa anaingia darasa la 12. Miaka mitatu hakuwa mtoro, hakupigana, hakuitiwa mzazi hata mara moja. Nilipofika wakaniwekea mezani transkripti yake, yaani rekodi ya masomo aliyofaulu: krediti 14, nyingi zikiwa za Kiingereza cha wageni, sanaa na mazoezi ya mwili. Hesabu alikuwa na mbili tu, na jimbo linataka nne. Hakuna aliyemnyima hesabu. Alipangiwa madarasa yaliyokuwa na nafasi, naye akayakubali, na sisi nyumbani tulipoona A zimejipanga tukachinja kuku.

Tangu siku ile kila familia ninayokwenda nayo shuleni kama mkalimani huisikia kauli yangu ile ile: shule hizi hazikunyimi kitu, ila hazikuambii. Kila kitu kipo, kwa anayeuliza, tena akiuliza kwa wakati wake. Nimeandika kwa ajili ya viunga vya Columbus kwa sababu ndiko ninakoishi. Uliye Texas au Kentucky utakuta mifupa ni ile ile, lakini hesabu ya krediti na tarehe uliza za jimbo lako.

Hatua ya 1: Ijue wilaya ya shule kabla hujasaini mkataba wa nyumba

Mtoto hapa husoma shule ya anwani yako, si unayoipenda. Ohio ina wilaya za shule zaidi ya 600, na mipaka yake haifuati mipaka ya miji. Columbus ndiyo inachanganya zaidi. Kwa makubaliano ya mwaka 1986 yanayoitwa Win-Win, maeneo mengi yaliyokuwa yamemezwa na jiji yaliachwa chini ya wilaya za shule za viungani. Unaweza kupokea barua zilizoandikwa "Columbus, OH" na mtoto wako akawa wa Hilliard, Westerville au Groveport Madison. Jirani wa ng'ambo ya barabara akawa wa wilaya nyingine kabisa.

Usimwamini dalali wala msichana wa ofisi ya apatimenti. Fungua tovuti ya Auditor (mkaguzi wa kaunti) wa Franklin County, andika anwani, tafuta mstari unaotaja wilaya ya shule. Ni kazi ya dakika mbili, na ufanye kabla ya kulipa amana.

Kwa nini mipaka hii ina uzito hivi? Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi za eneo husika. Penye nyumba za bei, shule ina maabara, bwawa la kuogelea na masomo ya kuchagua hadi uchoke. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Ohio, katika kesi ya DeRolph, iliamua kwamba utaratibu wa kutegemea kodi hiyo kupita kiasi unakiuka katiba ya jimbo. Ikarudia uamuzi huo zaidi ya mara moja. Kodi ya nyumba ingali inabeba mzigo. Ndiyo maana ukifika uchaguzi wa Novemba utaona mabango ya "levy" kwenye nyasi za watu: wilaya inawaomba wapiga kura waongeze kodi. Ikikataliwa, vinavyokatwa kwanza ni michezo, bendi na mabasi.

Kuhusu mabasi, jambo hili huwashtua wengi: sheria ya Ohio hailazimishi wilaya kuwabeba wanafunzi wa darasa la 9 hadi 12. Wilaya nyingi huwabeba, nyingine hapana. Uliza "Do you bus high school students from this address?" kabla hujahama, hasa kama baba na mama wote mnaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna jambo la upande wa pili nalo. Anayemaliza katika wilaya ya jiji, Columbus City Schools, ana mpango wa Columbus Promise, unaolipa ada ya Columbus State Community College. Wa viungani hana. Watu huhamia viungani wakidhani kila kitu huko ni bora. Piga hesabu zote.

Hatua ya 2: Karatasi

Utaombwa hati ya kuzaliwa ya mtoto au karatasi nyingine inayoonyesha umri (I-94, ile rekodi ya kuingia Marekani, au pasipoti hutosha mara nyingi), mkataba wa nyumba pamoja na bili, kitambulisho chako, kadi ya chanjo na ripoti za shule alikotoka. Kwa chanjo Ohio inampa mtoto siku 14 tangu aanze. Akipitisha bila ushahidi anarudishwa nyumbani. Waliokuja kwa mpango wa wakimbizi wana karatasi za chanjo kwenye ule mfuko wa plastiki wa IOM, shirika la uhamiaji lililowasafirisha. Usiutupe mfuko huo hata miaka kumi ikipita.

Usichotakiwa kuulizwa ni hali ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hawezi kuzuiwa shule ya serikali kwa kukosa karatasi za kuishi nchini. Nambari ya Social Security si sharti la kuandikishwa. Mahali pake ukipaacha wazi hakuna kosa.

Sasa tuje kwenye mambo matatu yanayotukwamisha sisi hasa.

La kwanza ni mtoto wa ndugu. Kwetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu, hakuna mjadala. Shule ya Ohio haijui hivyo. Kwake mtoto ni wa wilaya anakoishi mzazi au mlezi aliyetambuliwa na mahakama, na barua ya mkono kutoka kwa mama yake aliye Uvira haisaidii. Lazima uombe ulezi mahakamani. Lakini usimweke mtoto nyumbani ukisubiri hakimu: ukiapa kwa maandishi kwamba umeshafungua ombi la ulezi, wilaya inaweza kumpokea hadi siku 60. Maneno ya kutumia ni "I have filed for custody", na uwe na risiti ya mahakama mkononi. Bibi na babu wana njia nyepesi kidogo, kwa hati maalumu ya uwakilishi inayowahusu wao tu.

La pili ni umri. Wengi wetu tumeandikwa kuzaliwa 1 Januari, kwa sababu kambini aliyekuwa akiandika hakuwa na muda wa kuuliza msimu wa mavuno. Kama tarehe ya mtoto si sahihi na unao ushahidi, irekebishe mapema, kwa maana umri ndio unaompangia darasa na kumruhusu au kumzuia michezoni. Kijana wa miaka 18 au 19 ambaye hajamaliza sekondari asidanganywe kwamba amechelewa: Ohio inafundisha bure hadi kabla ya kutimiza miaka 22. Hata aliye peke yake, mwenye miaka 18 na kuendelea, anayejitegemea kwa kazi yake, ana haki hiyo. Nimewaona vijana wakielekezwa moja kwa moja kwenye GED, mtihani wa cheti mbadala wa sekondari, kwa sababu tu wana ndevu. Uliza kwa upole, kisha uliza tena.

La tatu ni wanaoishi kwa watu. Familia iliyopoteza makazi ikabanana kwa ndugu kwa sababu ya shida ya fedha inahesabiwa kuwa haina makazi chini ya sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987. Mtoto huandikishwa siku hiyo hiyo hata kama karatasi hazijakamilika. Kila wilaya ina mtu wa kazi hiyo. Mwombe kwa cheo chake, "McKinney-Vento liaison". Hapa hakuna aibu.

Hatua ya 3: Siku ya kuandikishwa

Utapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Kuna wazazi wanaoandika "English" wakiogopa mtoto atatengwa. Usifanye hivyo. Andika Kiswahili, au Kibembe, au Kinyamulenge, vile ilivyo. Fomu hiyo ndiyo inayompa mtihani mfupi wa Kiingereza ndani ya siku 30 na kumfungulia msaada. Ukiandika Kiingereza, ataingia darasa la biolojia pamoja na waliozaliwa hapa, na akikaa kimya mwalimu atadhani ni mpole.

Andika majina vile vile kwenye kila karatasi. Sisi wenye majina matatu yasiyo na "la ukoo" tunajikuta na mtoto mmoja mwenye mafaili mawili. Shika mpangilio wa I-94, hata kama umepinduliwa, hadi utakapoubadilisha kisheria.

Kisha omba mkalimani. Ni haki yako, ni bure, na inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Shule itapata mtu wa ana kwa ana au wa simu. Sema Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mama wa Fizi wataelewana, lakini si bila kukwaruzana. Na mtoto asiwe mkalimani wako. Nilikuwa nimekaa kikao kimoja pembeni, sijatambulishwa bado, mwalimu akasema kijana hajaleta kazi ya nyumbani wiki tano. Kijana akamgeukia mama yake: "Anasema niko sawa, ila niongeze bidii kidogo." Mama akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili.

Kabla hujaondoka ofisini, chukua vitu viwili. Kwanza neno la siri la lango la wazazi mtandaoni, ambako alama na mahudhurio huonekana kila siku. Pili jina la kaunsela wa mwanao. Makaunsela hugawiwa wanafunzi mamia, mara nyingi kwa herufi ya jina la mwisho. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko mkuu wa shule.

Fomu ya chakula cha bure ijaze siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anasema chakula cha kantini hakiliki. Kipato kikiwa chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa taifa, chakula ni bure; hadi asilimia 185, ni cha bei ya chini. Lakini chakula ndicho kidogo humo. Aliye kwenye chakula cha bure hatozwi ada za vifaa vya masomo, hupunguziwa ada za mitihani ya AP (nitaieleza Hatua ya 5), husamehewa za ACT na SAT, mitihani ya kuombea chuo, na wilaya nyingi humsamehe ada ya michezo. Fomu hujazwa upya kila mwaka.

Hatua ya 4: Krediti. Hapa pasome mara mbili

Haiskuli ni darasa la 9, 10, 11 na 12. Hakuna mtihani mmoja wa mwisho kama kidato cha nne au Diplôme d'État ya Kongo. Mtoto hukusanya krediti, somo kwa somo, kama anayejaza kibubu. Somo la mwaka mzima ni krediti moja, la nusu mwaka ni nusu. Akipata F hakuna krediti, na hakuna wa kumpandisha kwa huruma.

Ohio inataka zisizopungua 20:

- Kiingereza 4
- Hesabu 4, na lazima ifike Algebra II au inayolingana nayo
- Sayansi 3
- Maarifa ya jamii 3, ikiwemo historia ya Marekani na serikali ya Marekani
- Afya nusu, mazoezi ya mwili nusu
- Ya kuchagua 5

Wilaya inaweza kuongeza juu ya hizo, na nyingi za viungani zimeongeza. Wanaomaliza kuanzia 2026 wanadaiwa pia nusu krediti ya elimu ya fedha.

Mtego uko kwenye "ya kuchagua". Zinatakiwa tano tu. Ya sita, ya saba na ya nane haziozi, ila hazimsogezi mtoto kwenye joho. Na masomo ya Kiingereza cha wageni, shule nyingine huyahesabu kama Kiingereza halisi, nyingine kama ya kuchagua. Muulize kaunsela kwa maneno haya haya: "Does this ESL class count as an English credit or an elective?" Andika jibu na tarehe. Kwa mtoto wa dada yangu zilikuwa za kuchagua, miaka mitatu mfululizo. Darasa la 12 alisoma hesabu mbili kwa mpigo na nyingine za mtandaoni usiku. Akamaliza Agosti, wenzake walipokuwa wameshavaa joho Mei. Diploma ililetwa na posta.

Krediti za nyumbani nazo zina thamani, lakini mzazi huziacha kwenye sanduku. Aliyesoma Kakuma amesoma mtaala wa Kenya, kwa Kiingereza. Aliyesoma upande wa Wakongomani kule Nyarugusu amefuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Ripoti za muhula zenye muhuri zinaweza kumpa krediti za hesabu, sayansi na lugha, akaingia darasa la 10 badala ya 9. Za Kifaransa zitafsiriwe kwanza. Uamuzi ni wa wilaya, na kaunsela hatakuuliza kama una zaidi ya ulichompa.

Zaidi ya krediti kuna alama za mtihani wa jimbo: 684 kwenye Algebra I na 684 kwenye Kiingereza cha darasa la 10. Anayejifunza Kiingereza huruhusiwa kamusi ya neno kwa neno na muda wa ziada. Hakikisha kamusi ya Kiswahili imeagizwa kabla ya siku ya mtihani, si asubuhi yake. Akishindwa hurudia, na akishindwa tena zipo njia mbadala: masomo ya chuo, alama za ACT au SAT, njia ya ufundi, au kuingia jeshini.

Halafu kuna mihuri. Kila anayemaliza lazima awe na mihuri miwili ya diploma, yaani alama za kuthibitisha ujuzi au utayari wake, angalau mmoja ukiwa wa jimbo. Na hapa, kwa mara moja, tumetangulia mbele ya wenyeji: mmojawapo ni muhuri wa lugha mbili, Seal of Biliteracy. Kiswahili kinakubalika. Mitihani ya kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza Kiswahili ipo, na shule huagiza ikiombwa. Mtoto aonyeshe pia kwamba Kiingereza chake kimefika. Angalizo: kinachowaangusha watoto wetu ni kuandika. Anaongea vizuri na bibi yake kwenye WhatsApp, lakini mwambie aandike aya mbili za hoja, kalamu inasimama. Anza kumwandikisha barua za Kiswahili akiwa darasa la 9.

Mtihani huo huo unaweza pia kumpa krediti za lugha ya kigeni kupitia utaratibu wa Ohio unaoitwa Credit Flexibility, unaomruhusu mwanafunzi kuonyesha kwamba somo analijua bila kulikalia darasani. Ohio State University hutarajia miaka miwili ya lugha ya kigeni. Mtoto wa Kigoma kukaa darasa la Kihispania miaka miwili ili "apate lugha" ni jambo ambalo bado linanichekesha.

Muhuri wa pili ulio rahisi kufikika ni OhioMeansJobs Readiness: watu wazima watatu wanaomjua mtoto husaini kwamba ameonyesha tabia za kazi kama kuwahi na kushirikiana. Kocha, meneja wa Kroger, imamu au mchungaji. Usisubiri Aprili ya mwaka wa mwisho uanze kumtafuta mchungaji aliyehamia Iowa.

Hatua ya 5: Kuchagua programu, Januari hadi Machi

Masomo ya mwaka ujao huchaguliwa majira ya baridi, theluji ingali nje. Omba kikao na kaunsela Januari. Kuna njia tatu za kuuliza.

AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa hapo hapo shuleni. Mtihani ni Mei, alama 1 hadi 5, na vyuo vya umma vya Ohio hutakiwa kutoa krediti kuanzia 3. Somo moja la AP analolimudu ni bora kuliko manne yanayomkosesha usingizi. Kwa anayejua Kifaransa, AP ya Kifaransa ni mteremko.

College Credit Plus ilianza 2015. Mwanafunzi wa darasa la 7 hadi 12 husoma masomo ya chuo, na kwenye vyuo vya umma ada na vitabu haviigharimu familia kitu. Krediti zinaingia pande mbili, haiskuli na chuo. Namjua binti aliyemaliza haiskuli akiwa na karibu mwaka mzima wa chuo mfukoni. Taarifa ya nia hutolewa ifikapo 1 Aprili kwa mwaka unaofuata. Ukichelewa, unahitaji kibali cha mkuu wa shule. Ubaya wake: F ya chuo ni F ya chuo. Inabaki kwenye rekodi yake maisha yote, na wilaya inaweza kudai fedha zirudishwe, isipokuwa kwa familia za kipato cha chini. Asianze na masomo matatu. Aanze na moja.

Njia ya tatu ndiyo wazazi wetu wanaikataa bila kuiangalia: kituo cha ufundi. Darasa la 11 na 12 mtoto hutumia sehemu ya siku huko akijifunza kuchomelea vyuma, magari, umeme, upishi, urembo wa nywele, kompyuta au uuguzi wa awali, na anabaki mwanafunzi wa haiskuli yake. Tolles, iliyoko Plain City, hupokea wa Hilliard na Dublin. Eastland, iliyoko Groveport, ni ya upande wa mashariki. Kwetu ufundi ulikuwa wa aliyefeli, na baba aliyebeba watoto saba kutoka Kivu hataki kusikia mwanawe anakwenda "kuchomelea". Nawapeleka wakaone. Baba mmoja alisimama mbele ya mashine ya kuchomelea, akavaa barakoa, akatazama cheche bila kusema neno. Alikuwa fundi Bukavu. Mwalimu alipomwambia kijana anaweza kutoka na cheti kinachotambuliwa na waajiri kabla hajatimiza miaka 19, akauliza kama na wazazi wanapokewa.

Maombi ya vituo hivi huanza darasa la 10, majira ya baridi, na nafasi hujaa. Wanaangalia mahudhurio kuliko alama. Na anayekwenda ufundi hajafunga mlango wa chuo kikuu. Algebra II anaisoma vile vile.

Hatua ya 6: Michezo na vikundi

Kandanda hapa ni mchezo wa majira ya kupukutika majani, na majaribio hufanyika mwanzoni mwa Agosti, kabla shule hazijafunguliwa. Kila mwaka kuna kijana wetu anayekuja na viatu vyake Septemba, timu ilishafungwa. Kinachohitajika kabla ya jaribio ni fomu ya daktari, ambayo huwezi kuipata kliniki siku moja mnamo Julai, panga Mei. Kisha lazima awe amefaulu masomo ya krediti tano katika kipindi kilichotangulia, na ana mihula minane tu ya kucheza tangu siku alipoingia darasa la 9. Saa hiyo haisimami, hata akirudia darasa.

Aliyekuja akiwa na miaka 17 na anaota kucheza chuoni aulize mapema kuhusu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho kinadai masomo 16 ya msingi kwa ngazi ya juu. ESL kwa kawaida haimo.

Bendi, kwaya, maigizo, roboti, midahalo: msimamizi wa kila kimoja huwa na furaha akiona sura mpya. Mpeleke mtoto kwenye kimoja, hata kama hana kipaji. Kiingereza cha kwenye basi la bendi kinaingia haraka kuliko cha ubaoni.

Hatua ya 7: Mtoto akipata shida

Ukiona mtoto hasomi vizuri hata kwa Kiswahili, au hasikii, au anasahau mno, andika barua fupi, yenye tarehe, ukiomba tathmini ya elimu maalumu. Maneno ya mdomo husahaulika, barua hubaki. Shule isikwambie tungoje hadi Kiingereza kiive. Akistahili atapata mpango wake wa maandishi, IEP, na kila kikao kina mkalimani. Usisaini usichokielewa; una haki ya kuondoka nacho nyumbani.

Mahudhurio Ohio huhesabiwa kwa saa, si siku. Mtoto akikosa kwa sababu ulimchukua akakutafsirie hospitali, hizo ni saa. Piga simu asubuhi ile ile, kisha peleka karatasi ya daktari. Na usimpigie mtoto simu darasani. Sheria ya jimbo sasa inataka simu zisitumike saa za masomo. Piga ofisini.

Hatua ya 8: Darasa la 12

Agosti, kabla ya kitu kingine, chapisha transkripti na mkae mezani na ile orodha ya krediti 20. Tieni tiki mstari kwa mstari. Pengo linaloonekana Agosti lina dawa. La Machi halina.

Kuanzia 1 Oktoba FAFSA hufunguliwa, fomu ya msaada wa serikali kuu kwa chuo. Mwenye uraia, grin kadi, hadhi ya ukimbizi au hifadhi anastahili kuomba. Mzazi asiye na nambari ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake na kusaini. Jina na tarehe ya kuzaliwa viwe sawasawa na vya kwenye karatasi za uhamiaji, 1 Januari na yote. Shule nyingi hufanya jioni ya FAFSA. Nenda na karatasi za kodi na miwani yako.

Februari uliza kuhusu mihuri miwili: imeshaingizwa kwenye mfumo, au iko tu kwenye droo ya mtu? Aprili lipa au rudisha kila kitabu, kompyuta na jezi, maana madeni hayo hukaa yakimsubiri mtoto siku ya joho.

Na kabla ofisi haijafungwa Juni, omba nakala tatu za transkripti ya mwisho ndani ya bahasha zilizofungwa na kugongwa muhuri. Usizifungue. Ziweke kwenye ule mfuko wa IOM.